Sura ya Sita: Treni Inapunguzika, Mvua Haipunguziki

Kyela haijawahi kuwa na reli. Ukiwa huku mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa na ukatamani kuona treni, huna budi kupanda gari, ukwee milima kupitia Tukuyu hadi Uyole, na huko ndiko utakakokutana na njia ya TAZARA. Ni mwendo wa zaidi ya kilomita 100. Naamini ndiyo sababu watoto wa huku, ambao kwa waya, mianzi na ndala zilizokatika huunda malori na mabasi ya kupendeza, yenye usukani mrefu wa kuendeshea huku umesimama, ni nadra uwakute wameunda treni. Mtoto huunda alichokiona kikipita.

Mimi niliiona. Nilikuwa na miaka 9, nimeshikwa mkono na baba mdogo kwenye stesheni ya Mbeya. Kilichonibakia kichwani tangu siku ile si honi wala ukubwa wa injini. Ni zile kokoto. Nilishangaa kwamba kitu kizito kiasi kile kinalala juu ya mawe yaliyomwagwa tu, bila saruji. Nilimuuliza baba mdogo kwa nini hawakujenga vizuri, akacheka, treni ikaondoka, swali likabaki pale pale.

Nilipoanza kujenga treni ya mfano uani kwangu, mtu mzima mwenye watoto, bado nilikuwa na mawazo ya yule mtoto. Nikadhani zile kokoto ni pambo. Nikamwaga zege.

Kabla sijaeleza zege lile liliishia wapi, nianze na kipimo, maana kipimo ndicho kilichonipa moyo wa kuanza.

Treni nyingi za bustanini zinazouzwa duniani hutembea juu ya reli zenye geji ya milimita 45, yaani nafasi kati ya reli na reli ni chini kidogo ya vidole vitatu. Geji hiyo inatokana na vipimo ambavyo kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilivianzisha mwaka 1891. Ilipata umaarufu mpya kuanzia 1968, kampuni ya Lehmann ya Nürnberg ilipotoa treni za LGB, zilizoundwa makusudi zivumilie mvua, theluji na jua. Lehmann waliiga treni za milimani Ulaya zenye geji ya mita moja, wakachagua uwiano wa 1 kwa 22.5.

Sasa chukua kalamu. Reli yetu ya Kati, ile ya kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, ina geji ya milimita 1,000. Gawa kwa 22.5, unapata 44.4. TAZARA ina milimita 1,067. Gawa kwa 24, unapata 44.5. Reli ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ina milimita 1,435. Gawa kwa 32, unapata 44.8. Reli zote tatu za Tanzania, za enzi tatu na za wajenzi tofauti kabisa, zinaingia kwenye geji ile ile ya milimita 45. Unachobadilisha ni ukubwa wa mabehewa tu. Nilipoifanya hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia, nikairudia tena, kwa sababu ilinionyesha kwamba kitu nilichodhani ni cha bustani za Ulaya kina nafasi ya reli zetu pasipo kulazimisha.

Nilichagua TAZARA, basi nikashika 1 kwa 24. Kwa uwiano huo abiria mwenye kimo cha mita 1 na sentimita 68 anakuwa na sentimita 7. Behewa la mizigo lenye urefu wa mita 12 linakuwa nusu mita. Treni inayokwenda kilomita 60 kwa saa inatakiwa ipite uani kwa kilomita 2 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu anayetembea huku akiwaza, na wengi hukosea hapa kwa kuikimbiza. Njia nzima ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ingekuwa na urefu wa kilomita 77 na nusu. Uyole, ambako njia hiyo inafika kimo chake cha juu kabisa, mita 1,789 juu ya usawa wa bahari, pangekuwa na kimo cha mita 74 na kitu. Ua wangu ukanipa mita 34 za reli, duara lililorefushwa, likizunguka migomba na mikakao miwili. Zinatosha.

Lakini uwiano huo unaishia kwenye treni. Mvua haina 1 kwa 24.

Msomaji wa Dodoma au Shinyanga anaweza kuipita sehemu hii haraka. Wa Kyela asiipite. Huku tunapata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, nyingi kati ya Novemba na Mei, na Aprili ndiyo yenyewe. Wilaya imekaa bondeni, chini ya Milima ya Livingstone upande mmoja na miinuko ya Rungwe upande mwingine, na maji ya huko kote yanashuka kwetu kwa mito ya Kiwira, Mbaka, Lufilyo na Songwe. Songwe umekuwa ukihama mkondo wake mara kwa mara, na kwa kuwa ndio mpaka wetu na Malawi, mto ukihama hata mpaka unazua maswali. Bandari ya Itungi nayo inajua taabu ya mchanga unaoletwa na mto. Ikiwa maji yanafanya hivyo kwa mpaka wa nchi na kwa bandari, reli ya vidole vitatu ni nini?

Tuifanye hesabu ya ua mmoja. Paa la bati la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 50 usiku mmoja, linamwaga lita 4,000. Hizo ni ndoo 200 za lita 20, na zote zinashukia uani kwa mstari mmoja chini ya upenu. Kwa abiria wetu wa sentimita 7, mvua hiyo ya milimita 50 ni sawa na mita 1 na sentimita 20 za maji kutoka angani kwa usiku mmoja. Hakuna mhandisi duniani aliyeombwa kujenga reli mahali penye mvua ya namna hiyo. Wewe umejiomba.

Zege langu lilikuwa na upana wa sentimita 15 na unene wa sentimita 6, limelazwa juu ya ardhi, safi, limepigwa plasta. Usiku mmoja wa Aprili mvua ilianza saa tatu na haikukatika hadi alfajiri. Asubuhi nilikuta upande wa juu wa zege kuna bwawa. Upande wa chini kulikuwa na korongo: maji yalikuwa yamechimba kupita chini, yakaondoa udongo, na mita 3 za zege zikawa zinaning'inia hewani, zimepasuka mahali pawili, reli zimepinda kama mkeka. Behewa moja nililikuta kwenye migomba ya jirani.

Jirani mwenyewe ndiye aliyenielekeza. Ni mzee aliyefanya kazi miaka mingi kwenye gengi, lile kundi linalotunza njia ya reli, linalokaa kando yake na kuikagua kwa miguu. Alikuja na behewa langu mkononi, tukaamkiana, Ugonile, Ndaga, akaizunguka ile hasara kimya. Kisha akasema:

"Mwanangu, leta ndoo ya maji na kata."

Nikaleta. Akasimama upande wa juu, mahali ambapo zege lilikuwa bado zima, akaanza kumimina kata moja baada ya nyingine, polepole, akiyaacha maji yatafute njia yenyewe. Yalishuka kwa mkondo mwembamba, yakafika kwenye zege, yakasimama. Yakaanza kutanuka kulia na kushoto. Yalipopata ufa mdogo kati ya zege na udongo, yakatulia kidogo, halafu yakaanza kuzama, na mchanga laini ukaonekana ukizama pamoja nayo, punje kwa punje.

"Maji yalikuwa yanapita hapa kabla yako," akasema. "Sasa yapite wapi?"

Ndipo nilipolipata jibu la swali nililomuuliza baba mdogo stesheni ya Mbeya. Kokoto si pambo, wala si dalili ya kazi iliyoachwa nusu. Zile nafasi tupu kati ya jiwe na jiwe ndizo zinazofanya kazi: maji yanaingia, yanashuka, yanatoka, na uzito wa treni unabaki juu ya mawe makavu yaliyoshikana. Njia ikizama kidogo mahali fulani, gengi wanainyanyua na kushindilia kokoto chini ya mataruma, vile vipande vya kukingama vinavyobeba reli, ikasimama tena. Zege likishapasuka halina dawa.

Nikavunja lote. Hivi ndivyo nilivyojenga mara ya pili, na njia hiyo imeshapita masika matatu.

Kwanza sikujenga chochote kwa mwaka mzima. Kila mvua kubwa ilipokatika nilitoka na vijiti vya mianzi, nikachomeka kimoja kila mahali palipokuwa na mkondo wa maji, hata mdogo kama kamba ya kiatu. Kufikia Mei ua ulikuwa na vijiti 30 na zaidi, na nilipovitazama kutoka mlangoni nikaona ramani ambayo nilikuwa nikiikanyaga kila siku bila kuijua. Mikondo yote ilikusanyika kuwa mitano. Hiyo mitano ndiyo makalavati yangu.

Juni, ardhi ilipokauka, nilichimba mtaro wa upana wa sentimita 25 na kina cha sentimita 15 katika njia yote. Chini nikapanga vipande vya matofali ya kuchoma, juu yake kokoto za kawaida za zege, halafu tuta lenyewe likapanda hadi sentimita 12 juu ya alama ya maji ya juu kuliko zote nilizowahi kuona kwenye ukuta wa jikoni. Usitumie udongo wa uani kujengea tuta. Udongo wetu wa mashamba ya mpunga ni mzuri kwa mpunga kwa sababu unashika maji, na hicho ndicho tusichokitaka hapa. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na reli inafuata. Tuta liwe la changarawe, na pembeni yake pawe na mtaro wa wazi upande wa juu, unaopeleka maji kwenye kalavati.

Makalavati niliyatengeneza kwa bomba la plastiki la inchi 3, nikayakata yazidi upana wa tuta kwa kiganja kila upande. Midomo yake niliipamba kwa shingo za vyungu vya Wakisi vilivyovunjika. Wanawake wa Ikombe, ng'ambo kidogo ya Matema, hufinyanga vyungu ambavyo huvushwa kwa mitumbwi kuletwa sokoni, na vingine hupandishwa hadi Mbeya. Kila nyumba ya huku ina kimoja kilichopasuka nyuma ya jiko. Shingo ya chungu cha Kikisi ikigeuzwa kuwa mdomo wa kalavati inapendeza kuliko chochote kilichomo kwenye katalogi za Ulaya, na haihitaji rangi.

Kokoto za juu, zile zinazoonekana, ndizo zilizonichosha kuzitafuta. Mara ya kwanza nilizoa changarawe ya ziwani, duara, laini, nyeupe kwa kijivu, nzuri sana kuitazama. Haifai. Jiwe duara linabingirika juu ya jiwe duara, na kila treni ikipita reli zinasogea. Unataka jiwe lenye pembe, lililovunjwa kwa nyundo, likamate mwenzake. Kina mama wanaogonga kokoto kando ya barabara wana rundo ambalo wateja wa ujenzi hawalitaki: chenga zilizobaki, za ukubwa wa punje ya mchele hadi harage. Hizo ndizo kokoto za TAZARA yangu. Zioshe, zichekeche uondoe vumbi, na ulipe bei ya haki, maana nazo zimegongwa kwa mkono.

Jambo lingine nililojifunza ni kuijenga njia vipande vipande, na hili ni la kale. Katika Ufaransa ya karne ya 19, Paul Decauville alikuwa na shamba, na mavuno yake yalikwama matopeni. Akatengeneza reli nyembamba zilizokwisha kuunganishwa na mataruma ya chuma, vipande vinavyobebeka na watu, unavilaza shambani kama ngazi na kuviondoa kazi ikiisha. Reli za namna hiyo zilienea kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, zikivushwa kutoka kitalu hadi kitalu kufuata wakataji.

Treni ndogo si ngeni pwani yetu. Sultani Barghash bin Said wa Zanzibar alitandaza mwaka 1879 reli ndogo kutoka mjini hadi jumba lake la Chukwani, mabehewa yakivutwa kwanza na nyumbu, hadi alipoagiza kijiinjini cha mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Alipofariki mwaka 1888, reli ikang'olewa. Ile ya Bububu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1905, ilikuja baadaye na ilikuwa ya kilomita 11 tu. Nazitaja kwa sababu kuna watu hudhani treni ndogo ni upuuzi wa kuiga. Unguja ilikuwa na treni ndogo kabla bara haijawa na kubwa.

Basi nikaigawa njia yangu vipande 20, kila kimoja mita 1 na sentimita 70, chenye uzito wa kilo moja hivi. Anayeishi sehemu zinazofurika kweli, kule chini karibu na ziwa, ningemshauri aving'oe vyote mwishoni mwa Februari, avihifadhi darini, avirudishe Juni. Tuta litakaa, tuta ni mawe. Mimi niko juu kidogo, kwa hiyo nang'oa tu karibu mita 7 za upande wa bonde.

Reli zenyewe ni vipande bapa vya alumini, milimita 3 kwa 12, wanavyotumia mafundi wa madirisha. Ukivisimamisha wima vinakunjika kwa mkono kufuata kona, bila mashine. Za shaba zinazouzwa tayari ni bora zaidi, lakini zina bei kubwa, na shaba iliyoachwa nje usiku ina wapenzi wengi kwenye biashara ya vyuma chakavu.

Alumini hutanuka sana kwa joto. Mita 34 zikipanda nyuzi 25 tangu alfajiri hadi saa nane mchana, zinarefuka karibu sentimita 2. Ukizibana bila nafasi zitajikunja pembeni mchana kweupe, na hakuna mvua ya kusingizia. Acha milimita 1 kila kiungo. Viungo 20 vinakupa sentimita 2, na vinakupa pia ule mdundo wa magurudumu ambao ndio sauti ya treni.

Mataruma ni habari ya mchwa. Nilianza na mbao laini, msimu mmoja zikawa unga. Wengi hupaka oili chafu ya gari, na kweli mchwa huikimbia, lakini mimi nina mchicha na mikakao pale pale, siwezi kuimwagia ardhi ninayokula. Wajerumani walipojenga reli za geji ya mita moja walitumia sana mataruma ya chuma, na mchwa ni mojawapo ya sababu. Wachina walipojenga TAZARA walitumia zege. Nikafuata zege: saruji sehemu moja, mchanga uliochekechwa sehemu mbili, waya mwembamba katikati, kwenye kibao chenye vyumba kumi nilichokichonga mwenyewe. Kila chumba nilikipaka mawese kwa unyoya wa kuku ili zege lisinate kibaoni. Taruma moja lina urefu wa sentimita 8 na nusu na mifereji miwili ya kushikia reli. Nilifyatua 40 kwa siku, nikayaloweka siku saba kwenye beseni, na baada ya siku 17 za kufyatua nilikuwa na 680, moja kwa kila sentimita 5 za njia. Mikono ilichubuka. Lakini niseme wazi kwamba hakuna sehemu ya kazi hii niliyoipenda kuliko hiyo, kukaa kivulini na kuona mstari wa mataruma ukirefuka juu ya mkeka jioni baada ya jioni. Reli hukaa kwenye mifereji kwa silikoni ile ile ya madirisha, inayoshika huku ikiruhusu chuma kupumua.

Injini sitaieleza kwa urefu, sura ijayo ni yake. Itoshe kusema usipitishe umeme kwenye reli. Ndivyo wafanyavyo wengi Ulaya, lakini kwa unyevu wetu na matope, gurudumu linapoteza mguso kila hatua. Weka betri ndani ya behewa la pili na mota ya drili iliyokufa, ambayo tayari ina giya zake. Seli tatu za betri ya laptopu zilizofungwa kwa mfuatano hutoa volti 11 hivi. Zifungwe na saketi ya ulinzi, na fundi anayejua, maana betri za namna hii zikichajiwa kupita kiasi huwaka moto.

Matunzo ndiyo yatakayokuonyesha kama unaipenda kazi hii. Kila siku kabla ya treni kutoka, natembea njia yote, kama mtu wa gengi, nikiwa na ufagio mfupi, kisu na kikopo cha kokoto. Jani moja la mkakao lina sentimita 30. Kwa uwiano wetu ni jani la mita 7, na likilowa na kulala juu ya reli, gurudumu linateleza kama kwenye mlenda. Kuku ni mnyama wa mita 9 na zaidi anayependa kuparua kokoto, na dawa yake ni kumtawanyia pumba upande mwingine wa ua kabla hajaamua mwenyewe. Ukoka hupenya chini ya mataruma na kuyanyanyua. Ung'oe ungali mchanga, kwa kidole na kisu, mzizi wote. Ukiukata juu tu umeupalilia.

Adui wa kimya kuliko wote ni sisimizi. Hujenga ndani ya tuta na kupandisha udongo laini, punje kwa punje, hadi nafasi kati ya mawe zinajaa. Kwa macho njia inaonekana nzima. Lakini mvua ikija maji hayashuki tena, tuta linakuwa ni udongo wenye mawe ndani yake, na umerudi kwenye zege langu la mwanzo. Reli kubwa duniani kote zina tatizo hilo hilo la kokoto kuchafuka na hulitibu kwa kuzichimbua na kuzichekecha. Nami kila Julai naondoa vipande, naparua kokoto za juu, nazichekecha kwenye chekeche la mchele, nazirudisha. Inachukua siku mbili. Watoto wa mtaa huja kusaidia, na malipo yao ni kuendesha.

Mmoja wao, binti wa darasa la nne, aliniuliza mwaka jana kwa nini treni yangu inazunguka tu, haiendi Mbeya. Nikampa hesabu. Kutoka huku ziwani hadi Uyole ni kupanda kama mita 1,300. Treni ya mizigo haipendi kupanda zaidi ya mita 1 kwa kila mita 50 za njia, kwa hiyo zinahitajika kilomita 65 za mpando mtupu, bila kuhesabu madaraja. Akakaa kimya, kisha akaenda kuchukua kijiti akachora mlima mchangani na njia inayouzunguka. Wiki iliyofuata alileta behewa alilounda kwa mwanzi, magurudumu ya vizibo vya soda. Halina geji sahihi, linaanguka kwenye kona, lakini lipo kwenye treni yangu mpaka leo, la mwisho kabisa.

Wewe unayetaka kuanza, nakuomba usinunue reli kwanza. Tafuta vijiti 30 vya mianzi. Mvua ya kwanza ya Novemba ikinyesha usiku, vaa koti, toka nje na tochi, tazama maji yanakopita uani kwako, na uchomeke kijiti kila mahali. Endelea hivyo hadi Mei. Kazi ya jembe ianze Juni.